Mpiga dramu aliyeionea wivu kaseti ya mkewe

Asubuhi mvua imetulia kidogo, lakini maji bado yamesimama kati ya karakana na karakana hapa Gerezani, Dar es Salaam. Safari Abdulhamid amekaa kwenye kigoda, spika kubwa imelala mapajani mwake kama mtoto anayenyolewa. Anaikata kwa wembe karatasi iliyolowa, anaibandua taratibu kuzunguka ukingo, kisha anaingiza kidole kwenye uwazi wa sumaku kutoa mchanga.

“Mvua za mwaka huu zimenipa kazi,” anasema bila kuinua macho. “Mabaa yamefurika, kumbi zimefurika. Karatasi ya spika ikishalowa haiimbi tena. Inakoroma.”

Anavisha karatasi mpya, anazungushia gundi na kuiweka kando ikauke. Ile iliyokauka tangu jana anaiunganisha na amplifaya, anachomeka kaseti, na karakana nzima inajaa tarumbeta za dansi la zamani. Anafumba macho. Vidole viwili vinagonga goti.

Hapo redio ya muuza vipuri wa jirani inaanza wimbo mwingine. Kinanda kinapiga sauti tatu nyembamba za juu, zinazorudiarudia. Nyuma yake kuna mashine inayogonga. Kisha sauti ya mwanamke inaingia polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

Safari ananyanyuka. “Naenda kununua sigara,” anasema, na kuondoka akiruka madimbwi.

Muuza vipuri anacheka. “Havuti huyo,” anamwambia mwandishi wa makala haya. “Anayeimba hapo ni mkewe. Ukipigwa wimbo huu lazima akanunue sigara.”

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Wakati huo Safari, fundi mwenye umri wa miaka 46 na baba wa watoto watatu, pengine alikuwa mtu pekee mtaani kwake ambaye hakuwahi kuisikiliza Kipupwe Kirefu hadi mwisho. Ni kaseti ya kwanza na ya pekee ya mkewe, Maimuna, aliyoirekodi mwaka 1988 pamoja na mpiga kinanda kijana, Jayant Solanki. Ina nyimbo nane, zote za huzuni. Haina gitaa, haina tarumbeta, haina mpiga dramu.

“Hapo pa mwisho ndipo panaponiuma,” alisema aliporudi, mikono mitupu. “Mimi ni mpiga dramu.”

Na alikuwa mpiga dramu hasa. Miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini alikuwa mwajiriwa katika bendi ya shirika moja la umma, mwenye mshahara wa kila mwezi, sare mbili na chumba katika nyumba za shirika. Kifundo chake cha mguu wa kushoto kilivunjika utotoni akicheza mpira Keko, kikaunga vibaya. Mguu huo ndio unaofumba na kufumbua matoazi mawili yanayokaa pembeni mwa mpiga dramu. Kwa sababu ya kifundo hicho, matoazi ya Safari siku zote yalifumba kwa kuchelewa kidogo.

“Watu walisema bendi yetu inachechemea,” anakumbuka. “Walikuwa wanatusifia. Bendi nyingine zilijaribu kuiga, zikashindwa. Utaigaje mguu wa mtu?”

Maimuna alijiunga na bendi hiyo kama mwitikiaji. Alisimama karibu kabisa na dramu, na Safari anasema alianza kumpenda kwa mgongo wake kabla hajazoea uso wake. Walioana mwaka 1979.

Halafu mambo yakabadilika. Shirika likaanza kubana matumizi, na kitu cha kwanza kukatwa ni bendi. Wanamuziki waliitwa ofisini mmoja mmoja na kuambiwa watafute kazi nyingine. Vyombo vilifungiwa ghalani. Mwaka huohuo maduka ya Kariakoo, ambayo watu walizoea kuyaona yana rafu tupu, yalikuwa yanajaa bidhaa. Redio kubwa, televisheni, saa za kila rangi zilitandazwa chini Mtaa wa Kongo.

“Kila mtu alifurahi,” anasema Safari. “Na mimi nilifurahi, nilinunua pasi. Sikujua kwamba ndani ya meli hizohizo kuna kitu kinakuja kuchukua nafasi yangu.”

Kitu hicho kililetwa nyumbani kwake na Jayant, kimefungwa kwenye shuka.

Jayant alikuwa na miaka 23, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa wa Kisutu. Safari alimfahamu kwa sura. Ndiye yule kijana wa Kihindi aliyekuwa akija kwenye dansi peke yake, anasimama karibu na spika, hachezi, hanywi, anasikiliza tu.

“Shikamoo, kaka Safari,” alisema siku hiyo akiwa mlangoni.

“Marahaba. Karibu ndani.”

Jayant alikaa ukingoni mwa kiti. Alieleza kwamba mjomba wake amemletea kinanda cha umeme kutoka Dubai. “Nina tuni nyingi, kaka, lakini sina maneno na sina sauti. Nimekuja kuomba ruhusa yako. Nataka dada Maimuna aimbe.”

Maimuna alikuwa anamenya viazi jikoni. Safari anakumbuka kwamba kisu kilinyamaza.

“Vizuri,” Safari alijibu. “Na mimi nitapiga nini?”

Jayant alitazama chini. Kisha akafungua shuka, akatoa kisanduku cheusi kinachoenea kwenye sahani, akakiweka mezani. “Ngoma zimo humu ndani, kaka,” alisema.

Alibonyeza kitufe. Kisanduku kikaanza kugonga, kimenyooka kama rula, bila kupumua.

“Nilikitazama kisanduku kile,” anasema Safari. “Nikajiambia, ningekataa wangesema nimekiogopa. Nikamwambia mke wangu, Mama Zena, nenda kaimbe.”

Kurekodi kulifanyika Jumapili alasiri, duka likiwa limefungwa, katika stoo iliyokuwa nyuma ya duka la mzee Solanki. Majora ya vitambaa yalipangwa kutoka sakafuni hadi darini, na Jayant aliichagua stoo hiyo kwa sababu vitambaa vilizuia mwangwi. Kwa Safari, vitambaa hivyo vilikuwa adhabu.

“Akirudi, nguo zake zinanuka jora jipya. Nanusa hadi nywele. Namuuliza, mmefanya nini leo? Anasema, tumeimba. Mmeimba nini? Anasema, utasikia ikiisha.”

Jumapili moja alimfuata. Alisimama ng’ambo ya barabara, mbele ya duka la miwani lililofungwa, akasikiliza. Kama angesikia muziki, anasema, angerudi nyumbani. Lakini hakuna kilichovuka yale majora. Mlango wa chuma ulikuwa umeshushwa, mtaa umekaa kimya, na ndani kulikuwa na mkewe na mwanamume aliyemzidi Safari kwa mambo matatu: ujana, elimu na kazi.

“Ukimya ule ndio ulionimaliza,” anasema. “Kelele ningezielewa. Mimi ni mtu wa kelele.”

Kipupwe Kirefu ilipotoka, ilikwenda kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea. Vibanda vya kaseti vya Msimbazi viliipiga kutwa nzima. Watu waliozoea dansi la kuruka walisimama kando ya barabara kusikiliza sauti ya mwanamke anayeimba kama hana haraka ya kupendwa. Vijana waliopunguzwa kazi, akina mama waliobaki na nyumba, wote waliona wanaimbiwa wao.

Kwenye jalada kulikuwa na picha ya Maimuna ameegemea majora, amevaa gauni jeupe, anatazama pembeni. Picha hiyo ilining’inia kila kibanda. Safari alianza kupita mitaa ya nyuma kwenda Gerezani, alikokuwa akijifunza ufundi wa spika.

“Nilikuwa najiuliza, anamtazama nani pale pembeni? Kamera kashika nani?”

Kamera aliishika Jayant.

Wimbo uliompa shida zaidi uliitwa Mgeni wa Jumanne. Hakuusikiliza, ila uliingia nyumbani kwake kupitia midomo ya watoto wa majirani:

Mgeni wa Jumanne, viatu umeviacha wapi,
Chai imepoa mara mbili, mlango nimeuegesha.

“Nikaanza kurudi nyumbani mapema kila Jumanne,” anasimulia. “Namkuta anashona. Jumanne nyingine, anashona. Mtu mwingine angetulia. Mimi nikaona ananizidi akili.”

Jayant alipokuja tena kuomba warekodi kaseti ya pili, Safari aliitikia salamu, akaingia ndani na kumwacha amesimama kibarazani. Hakusema ndiyo wala hapana. Alinyamaza mwezi mzima, anakula, anakwenda kazini, analala. Mwishowe Maimuna alituma ujumbe Kisutu kwamba haimbi tena.

“Hakunikataza,” anasema Maimuna, ambaye sasa ana miaka 39 na anashona sare za shule barazani kwao, Mtaa wa Swahili. “Angenikataza tungegombana, tungeyamaliza. Alinyamaza. Na mimi nilikuwa na watoto wadogo. Nikaona bora ninyamaze na mimi, tulingane.”

Wakalingana kwa miaka tisa. Safari akawa fundi, anayepata karatasi na gundi zake kwa wafanyabiashara wa Kariakoo na kutoza shilingi elfu tatu kwa spika ya kawaida. Fedha hiyo, ikijumlishwa na ya cherehani, imewasomesha watoto. Kaseti ikafifia, vibanda vikaning’iniza sura nyingine. Ndoa ilikuwa na amani, anasema Maimuna, ile amani ya nyumba ambayo kuna chumba hakifunguliwi.

Aliyeufungua mlango huo ni redio. Tangu vituo vya watu binafsi vilipoanza, watangazaji vijana wamekuwa wakitafuta muziki ambao wenzao hawana. Mmoja wao aliokota Kipupwe Kirefu, akaanza kuipiga kila siku. Wasikilizaji wakapiga simu. Wengine walikuwa wadogo mno mwaka 1988, na walitaka kujua huyu mwimbaji ni wa wapi na kama bado yu hai.

Ndipo Kasmir, mfanyabiashara wa kaseti wa Kariakoo, alipopanda ngazi za baraza la Maimuna mwezi Oktoba. Alitaka kuitoa upya Kipupwe Kirefu, na kuizindua kwa onyesho siku ya Idi, mwishoni mwa Januari. Maimuna aimbe, Jayant apige kinanda, kisanduku kigonge.

Safari alikuwepo, anakula. Aliendelea kula.

Kasmir alipoondoka, Maimuna alitoa sahani mezani, akarudi akasimama mbele ya mumewe.

“Najua unataka kuanza kunyamaza,” alimwambia. “Nyamaza. Lakini safari hii, Safari, naenda.”

Alinyamaza kweli. Kimya hicho kilikuwa na wiki tatu mwandishi alipomkuta akienda kununua sigara.

Kilichofuata kilitokea katikati ya Novemba. Vitalis, aliyekuwa mpiga gitaa la besi katika bendi ileile na ambaye sasa ana baa Buguruni, alileta spika nne zilizozama kwenye mafuriko. Siku ya kuzichukua, alitoa kaseti mfukoni.

“Nijaribie na hii,” alisema. “Siku hizi wateja wangu hawataki nyingine.”

Safari alipoona jalada alitafuta viatu vyake. Lakini mvua ilishuka kwa kishindo cha kuficha hata kibanda cha jirani, na Vitalis alikuwa ameshachomeka kaseti na kukaa mlangoni juu ya spika mojawapo. Hapakuwa na pa kupita.

Mwanzoni alisikiliza kama fundi. Je, karatasi inatikisika sawasawa? Koili inakwaruza? Wimbo wa kwanza ukaisha, spika haina tatizo. Wa pili ukaanza.

“Mguu wangu wa kushoto ukashuka wenyewe,” anasema. “Ukashuka pale unaposhukaga, kwa kuchelewa. Na mashine nayo ikashuka palepale.”

Alidhani redio kaseti imeharibika. Akarudisha nyuma. Kisanduku kikachechemea tena, mahali palepale. Akaruka mbele, wimbo wa nne, wa tano. Kila mahali matoazi yale ya bandia yalifumba kwa kuchelewa kidogo, na kila pigo la nne yalichelewa zaidi, kama yeye afanyavyo kifundo kinapoanza kuchoka.

“Vitalis,” alisema, “mashine haina mguu mbovu.”

Vitalis alimshangaa. “Ina maana hujui? Siku ya kwanza kusikia nilijua ni wewe. Nilidhani walikurekodi.”

Mvua iliendelea, naye akaendelea kusikiliza. Sasa alikuwa anasikiliza kama mwanamuziki, na hapo akasikia jambo la pili, ambalo angependa asingelisikia.

“Kinanda kilikuwa kinamngoja,” anasema, na sauti yake inashuka. “Mama Zena akivuta pumzi, kinanda kinakaa kimya. Akichelewa neno, kinachelewa naye. Hakimsukumi hata mara moja. Mtu hampigii hivyo mwimbaji aliyepatana naye malipo tu. Najua, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nampigia mimi.”

Mvua ilipokatika alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo majirani zake wanasema hawajawahi kuliona, akaenda nyumbani. Maimuna alikuwa barazani, cherehani inakwenda.

“Mama Zena, ule mguu kwenye kaseti ni wa nani?”

Maimuna hakusimamisha cherehani. “Umeisikiliza?”

“Nimekuuliza mguu wa nani.”

“Wako. Wa nani mwingine?”

Alimweleza, na baadaye akamweleza mwandishi, kwamba Jumapili ya kwanza pale Kisutu hakuweza kuimba. Kisanduku kilinyooka mno. Alikuwa amezoea kuimba juu ya mguu wa Safari, kuliweka neno lake katika kile kipande cha kuchelewa, na sasa kila alipoliweka lilianguka chini. “Nikamwambia Jayant, mume wangu hapigi hivi. Akaniuliza, anapigaje? Nikamgongea mezani.” Jayant alihangaika Jumapili nyingi hadi mashine ikajifunza kuchechemea.

“Mbona hukuniambia?” Safari aliuliza.

“Kaseti ya kwanza kabisa nilikuletea wewe. Nikaiweka mezani, mbele yako. Ukaiwekea kikombe cha chai juu yake.”

Safari alikaa chini kwenye ngazi. Ilibidi aulize na lile jingine. “Na huyo mgeni wa Jumanne?”

Maimuna alicheka hadi akaondoa mguu kwenye pedali. Mgeni wa Jumanne, alisema, ni marehemu baba yake. Alikuwa gadi wa treni, alikuwa na mke mwingine Tabora, na treni yake ilifika Dar es Salaam kila Jumanne. Utoto wake wote Maimuna alimwona mama yake akichemsha chai, ikipoa, akichemsha tena, akisikiliza viatu barazani.

“Mama yangu alikuwa na wivu kama wako,” alimwambia mumewe. “Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na sababu.”

Safari hakucheka. “Na Jayant?”

Maimuna alirudisha mguu kwenye pedali. “Ya Jayant muulize Jayant.”

Jayant Solanki sasa ana miaka 32 na duka la kompyuta na uchapaji karibu na Posta. Duka la vitambaa la baba yake liliuzwa. Anavaa miwani na amenenepa kidogo. Safari alipoingia, alitoka nyuma ya kaunta na kumtolea kiti.

“Shikamoo, kaka Safari. Nimekungoja muda mrefu.”

“Marahaba. Sikuja kukaa. Ulimpenda mke wangu?”

Kulikuwa na mteja mmoja aliyekuwa akisubiri kadi za harusi. Jayant alimwomba arudi baadaye, akageuza kibao cha mlangoni.

“Ndiyo,” alisema.

Safari anasema alikwenda pale amekunja ngumi mfukoni. Jayant aliendelea kusema, amesimama wima, kama mtu anayetaka kumaliza.

“Sikumwambia. Sikumgusa hata mkono. Niliweka kwenye kinanda, basi.”

“Na mguu wangu ulikuwa unauweka wa nini?”

“Bila huo hakuweza kuimba,” Jayant alijibu. “Unajua ilivyoniuma, kaka? Wewe ulikuwa umekaa nyumbani unanionea wivu. Mimi nilikuwa nimejifungia stoo na kile kisanduku, nakifundisha kupiga kama mume wake. Kila nikikaribia, anasema bado, Safari anachelewa zaidi. Bado. Bado. Siku kilipopiga sawasawa aliimba wimbo wote mara moja, amefumba macho. Nikajua hayupo na mimi mle ndani. Mwenye wivu nilikuwa mimi.”

Safari alitoa ngumi mfukoni. Jayant aliagiza chai ya maziwa, ikaletwa, na wanaume hao wawili waliinywa pamoja. Safari aliuliza ni kitufe gani kinachochelewesha matoazi. Jayant alieleza hakuna kitufe, ilibidi adanganye mashine, aiwekee hesabu zisizo sawa.

Mwandishi alipomuuliza Jayant kama anaruhusu maneno yake yachapishwe, alikubali mara moja. “Mke wangu, Daksha, alijua kabla yako. Tulipochumbiana nilimpa ile kaseti. Akanirudishia, akaniambia, huyu mpiga kinanda ana mtu moyoni, akishamaliza naye nitafikiria posa. Ilinichukua mwaka.”

Maimuna naye alipoulizwa aliendelea kupinda ukosi wa shati la mwanafunzi. “Nilijua,” alisema. “Mwanamke anajua. Nilikwenda kuimba, nikaimba, nikarudi nyumbani kwangu.”

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba wivu wa Safari uliishia pale Posta. Yeye mwenyewe hakubali.

“Haujaisha,” anasema. “Umehama. Zamani nilimwonea Jayant wivu kwa jambo nisilolijua. Sasa nalijua, na namwonea wivu kwa kinanda chake. Ni kizuri mno. Miaka tisa sikuwa na habari kwamba mtu anaweza kumpigia Mama Zena vizuri hivyo bila mimi.”

Anasema sasa anaisikiliza kaseti kila siku, akitafuta mahali ambapo kinanda kimekosea. Bado hajapapata.

Wiki iliyopita, katika ukumbi mdogo wa Ilala, mazoezi ya onyesho la Idi yalianza ili wawahi kabla ya Ramadhani. Kasmir alikuwa amepanga kila kitu kiwe kama kwenye kaseti. Maimuna aliingia, akakiona kisanduku cheusi juu ya meza, akakifunika kwa kitambaa chake cha kichwa.

“Niliimba na hiki wakati mwenye mguu amenuna,” alimwambia Kasmir. “Sasa yupo.”

Kasmir alilalamika kwamba wasikilizaji wanataka sauti ileile ya zamani. Jayant ndiye aliyemkatiza. Alisema yeye pia angependa kusikia nyimbo zake zikipigwa na mtu aliyeigwa.

Dramu ziliazimwa kwa Vitalis. Safari alizifunga mwenyewe, akakalia kiti, akauweka mguu wa kushoto mahali pake. Hakuwa ameshika vijiti mbele ya watu kwa zaidi ya miaka kumi, na mwanzo ulikuwa mbaya. Mikono ilikuwa mizito, na wimbo wa kwanza ulianguka katikati. Wa pili nao ulianguka. Jayant alisubiri, vidole vikiwa juu ya kinanda. Maimuna alinywa maji.

Wimbo wa tatu ulisimama. Kinanda kilileta zile sauti zake tatu nyembamba, matoazi yakafumba kwa kuchelewa, na Maimuna akaingia bila kufungua macho. Kasmir, aliyekuwa akihesabu viti, aliacha kuhesabu. Huzuni ya wimbo haikupungua kwa kupigwa na watu watatu. Pengine iliongezeka, kwa sababu sasa wawili kati yao walikuwa wanatazamana juu ya kichwa cha mwimbaji, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kukosea.

Mapumziko yalipofika, Safari alitoka nje akiwa amelowa jasho. Alisema mpango wake ni kupiga usiku wa Idi, kisha warekodi ile kaseti ya pili ambayo Maimuna alitakiwa kuiimba miaka tisa iliyopita. Karakana hatoiacha. Atafanya kazi siku za wiki na kurekodi mwisho wa wiki, na ameshamwambia Kasmir kwamba safari hii jalada liwe na watu watatu, mwimbaji akae mbele na atazame kamera.

Aliulizwa kama ataweza kukaa mwaka mzima chumba kimoja na mwanamume aliyewahi kumpenda mkewe.

Alifuta uso kwa shati, akatazama ndani ya ukumbi, ambako Jayant alikuwa bado amekaa kwenye kinanda, anarudia kipande kilekile polepole, akingoja Maimuna amalize kunywa maji.

“Yeye atampigia kinanda, mimi nitampigia dramu,” alisema. “Mama Zena aimbe. Tutaona nani atachoka kwanza.”

Kisha akarudi ndani haraka, kabla wimbo haujaanza.